Michirizi Hupita kwa Mama

Kosa la kwanza la mtu anayeanza kuzalisha hosta huwa ni kosa la mapenzi. Ameona mmea wenye majani mapana ya kijani, kila jani limezungukwa na ukingo mweupe, mfano wa kanga na pindo lake. Ameupenda, na anataka watoto wake. Anasubiri maua yanyauke na maganda ya mbegu yakauke, anakusanya mbegu nyeusi zenye bawa jembamba, anazipanda zote. Zinaota vizuri, hata wiki mbili hazipiti. Miche yote ni ya kijani. Hakuna hata mmoja wenye pindo.

Mwaka unaofuata anazidisha uangalifu. Nyuki ndio walioharibu, anajiambia; wameleta chavua ya mmea usio na ukingo. Basi safari hii anachavusha mwenyewe kwa mkono. Mama ana pindo jeupe, baba ana pindo jeupe, nyuki hawakupewa nafasi. Anavuna, anapanda, anasubiri. Kijani tena, trei nzima.

Nyuki wa watu walisingiziwa. Kilichomponza ni kutazama pahali pasipo na urithi. Fumbo hilo ndilo lililonivuta kuufuatilia mmea ambao kwetu pwani huwezi kuuona hata kwa mwenye bustani tajiri, na kadiri nilivyoufuatilia ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kisa chake ni kisa cha mama, na cha mama ambao watu hawawasifii inavyostahili.

Hosta haiwezi joto letu. Kila mwaka inahitaji majira ya baridi kali, majani yafe yote, kisha ilale chini ya ardhi kwa wiki nyingi. Isipolala hivyo hudhoofika mwaka hadi mwaka mpaka inakwisha. Asili yake ni Japani, Korea na China, na hupenda vivuli vya misitu, kingo za vijito na nyufa za majabali. Wajapani huiita giboshi, kwa kuwa tumba la shada lake la maua linafanana na vile vichwa vinavyovikwa juu ya nguzo za madaraja yao ya kale. Machipukizi yake machanga wanayala kama mboga, nayo huitwa urui. Ulaya ilizipata nyingi kupitia kwa Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyefika mwaka 1823 katika kituo cha Waholanzi cha Dejima, Nagasaki. Alipofukuzwa Japani mwaka 1829 kwa tuhuma za upelelezi, alirudi na shehena ya mimea hai, na hosta zake zikaota mizizi Leiden. Leo wanaoishughulikia zaidi ni Wamarekani. Wana chama chao, American Hosta Society, kilichoanzishwa mwaka 1968, na aina zilizokwisha kusajiliwa ni maelfu.

Hata hivyo, kiukoo hosta si mgeni wetu kabisa. Wataalamu wa mimea wameiweka katika jamii moja na mkonge. Ukizitazama kromosomu za mimea hii miwili kwa hadubini, udugu wao unaonekana waziwazi: hesabu ya msingi ni 30 kwa wote wawili, chache kubwa na nyingi ndogo sana, mpangilio usio wa kawaida katika ulimwengu wa mimea. Nani angedhani kwamba lile jani laini la kivulini na lile panga la Tanga ni watu wa nyumba moja?

Na kwa kuwa tumefika kwenye mkonge, tuanze nao, maana unaonyesha urithi wa kawaida kabla hatujaingia kwenye ule wa ajabu. Mkonge ambao Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, ukafika na miche 62 tu iliyo hai, una seti tano za kromosomu badala ya mbili. Tano haigawanyiki sawasawa, kwa hiyo mmea huo karibu ni tasa. Huongezeka kwa vijimche vinavyoota juu ya mlingoti wake wa maua na kwa machipukizi ya pembeni. Watafiti wa Amani na Mlingano walipotaka mkonge bora iliwabidi waende kwa jamaa zake. Walichukua Agave amaniensis, yenye majani marefu yasiyo na miiba pembeni, wakaichanganya na Agave angustifolia, yenye majani mengi lakini yenye miiba. Chotara aliyepatikana wakamrudisha tena kwa amaniensis. Ndipo akazaliwa 11648, mwenye majani mengi na kingo laini, ambaye mpaka leo mashamba makubwa yanamtegemea.

Huo ndio urithi tuliouzoea. Mama anatoa nusu, baba anatoa nusu, na mtoto anachukua hiki kwa huyu na kile kwa yule. Ukimtaka avute zaidi upande mmoja, unamrudisha kwenye upande huo.

Mambo mengi ya hosta nayo huenda kwa njia hiyohiyo. Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1961. Eric Smith, aliyekuwa akifanya kazi katika vitalu vya Hillier kusini mwa Uingereza, alifanikiwa kuwakutanisha wawili ambao kalenda huwatenganisha. Hosta 'Tardiflora' huchanua vuli, wenzake wakiwa wamekwisha kumaliza. 'Elegans' huchanua mwanzoni mwa kiangazi. Msimu ule maua yao yalikutana. Smith akachukua chavua ya 'Elegans' akaipaka kwenye ua la 'Tardiflora'. Mama alikuwa mdogo wa umbo, majani membamba yenye ncha na ya kijani kinachong'aa. Baba alikuwa pande la mmea, majani kama sinia, mazito, ya rangi ya bluu. Watoto wao walitoka na umbo dogo nadhifu la mama na bluu ya baba. Aliyepata sifa kuliko wote ni 'Halcyon', ambaye kwenye daftari aliandikwa TF 1×7, yaani kizazi cha kwanza, mche wa saba. Miaka zaidi ya sitini imepita, naye bado anauzwa na bado anapendwa.

Bluu ya hosta, kwa kweli, si rangi ya jani. Ni nta. Jani chini yake ni la kijani. Nta nyembamba iliyolifunika ndiyo inayoutawanya mwanga mpaka macho yakaona bluu. Jua likizidi, mvua zikipiga, nta inaisha, na kufikia mwisho wa kiangazi mmea wa bluu umerudi kijani. Kinachorithiwa hapo ni uwezo wa kutengeneza nta, na uwezo huo umeandikwa ndani ya kiini cha seli, kwa hiyo baba anaweza kuupitisha sawa na mama. Ndivyo ilivyo pia kwa wekundu wa vikonyo, kwa mawimbi ya ukingo wa jani, kwa weupe wa mgongo wa jani ambao Hosta pycnophylla ya Japani huwapa wanawe, na mara nyingi kwa manjano inayolienea jani zima.

Harufu nayo ina mlango wake. Hosta yenye manukato ya kweli ni ya China, Hosta plantaginea, yenye maua makubwa meupe ambayo hufunguka alasiri na kunukia usiku. Sisi watu wa asumini na kilua tungemwelewa mara moja. Shida ni kwamba hosta nyingine karibu zote hufungua maua asubuhi, kwa hiyo anayetaka kuzikutanisha lazima ahifadhi chavua kwenye friji, isubiri saa yake. Anayetaka harufu bustanini mwake hana budi kumtafuta bibi huyu wa Kichina mahali fulani katika nasaba. Humo ndimo ilimotoka harufu ya 'Fragrant Bouquet' ya mwaka 1982, na ya 'Guacamole', tawi lake lililogeuka rangi.

Sasa turudi kwa yule mpenzi wa pindo na trei yake ya kijani.

Ndani ya seli za jani mna vyombo vidogo viitwavyo kloroplasti. Ndivyo vinavyobeba ukijani, na ndivyo vinavyopika chakula cha mmea kwa mwanga wa jua. Kloroplasti zina maandishi yake zenyewe ya urithi, mafupi, yaliyo nje ya kiini cha seli. Hutokea maandishi ya kloroplasti moja yakaharibika, ikashindwa kutengeneza ukijani. Inapogawanyika, inazaa nyingine zisizo na ukijani. Seli ikigawanyika na zote mbili zikiwa ndani, mgawanyo wake ni bahati nasibu: seli hii inapata nyingi za kijani, ile inapata nyingi nyeupe. Hapo ndipo michirizi inapoonekana, kijani na nyeupe au kijani na manjano, imepita kwenye jani kama rangi iliyomwagwa na mtu mwenye haraka.

Yai la mama lina kloroplasti changa ndani yake. Chembe ya kiume inayotoka kwenye chavua ya hosta haina cha kuongeza hapo. Inakuja na kiini chake, na kloroplasti hazimo. Basi mtoto wa hosta anapata kloroplasti zake zote kwa mama. Baba mwenye michirizi ya kupendeza kuliko yote bustanini hawezi kumpa mwanawe hata mchirizi mmoja.

Jambo hili lilikuwa limekwisha kuonekana kabla hosta haijapata wapenzi wengi. Mwaka 1909 Mjerumani Carl Correns, mmoja wa wale waliozifufua kanuni za Mendel mwaka 1900, alieleza habari za Mirabilis jalapa, ua linalofunguka alasiri. Mmea wake mmoja ulikuwa na matawi ya kijani, matawi meupe na matawi ya mchanganyiko. Mbegu za tawi la kijani zilizaa kijani, za tawi jeupe zilizaa weupe, za tawi la mchanganyiko zilizaa namna zote, hata chavua ingetoka tawi gani. Mtu aliyekuwa ameshughulika na nusu kwa nusu ya Mendel alikuwa sasa anatazama urithi ambao baba hana fungu ndani yake.

Lakini yule mpenzi wetu alimtumia mama mwenye pindo jeupe. Mbona mama naye hakumpa kitu?

Hapa kanga inatusaidia kuliko kitabu. Kanga ina pindo, na ina mji, yaani sehemu ya katikati. Hosta iliyotulia nayo imejengwa hivyo, kwa tabaka za seli zisizochanganyika: tabaka moja limetengeneza pindo la jani, jingine limetengeneza mji. Mayai ya ua hutokana na tabaka lilelile lililotengeneza mji. Kwa hiyo mbegu hufuata mji, haifuati pindo. Mama mwenye mji wa kijani na pindo jeupe atazaa kijani hata umchavushe miaka kumi. Na mama mwenye mji mweupe na pindo la kijani atazaa miche myeupe pe, inayovutia macho kwa siku chache. Miche hiyo haina uwezo wa kupika chakula. Inaishi kwa akiba iliyokuja nayo ndani ya mbegu, akiba ikiisha inanyauka, na hakuna mbolea wala maji ya kuiokoa.

Anayeweza kuzaa watoto wenye rangi mbili ni mmoja tu: mama mwenye michirizi ndani ya mji wenyewe, ambaye kloroplasti zake za namna mbili bado zimechanganyika. Ganda moja la mbegu zake linaweza kutoa miche ya kijani, miche myeupe itakayokufa, na miche yenye michirizi ambayo ndiyo inayotafutwa.

Tatizo ni kwamba mama wa namna hii hadumu katika hali hiyo. Kila mwaka seli zinapogawanyika, kijani kinajikusanya upande wake na weupe upande wake. Machipukizi mapya yanatoka yakiwa yamekwisha kujipanga, pindo huku, mji huko. Mmea umetulia. Sasa ni mzuri na unauzika, na kila jani linafanana na jingine. Lakini aliyetulia hazai tena michirizi, na anayezaa hajatulia. Zile hosta nadhifu zinazojaza maduka ya bustani ya Marekani na Ulaya kila masika, ambazo hazikutokea kama tawi lililogeuka tu, nyingi zilitoka kwa mama wa namna hii, ambao dukani hutawaona. Ni mimea isiyopangika, jani hili hivi, jani lile vile, mara nyingi dhaifu kwa sababu sehemu kubwa ya jani haifanyi kazi. Mnunuzi wa kawaida angeipita. Wazalishaji huigawana wao kwa wao, kipande kwa kipande.

Naona ni haki baadhi yao watajwe. Mwaka 1936, katika kitalu kimoja cha Connecticut, Frances Williams, mbunifu wa bustani, aliona katika safu ya miche ya Hosta sieboldiana mmoja wenye ukingo wa manjano, akaununua. Ukaja kuitwa kwa jina lake na kupandwa karibu kila mahali hosta inapopandwa. Mji wake ni wa kijani-bluu, kwa hiyo kwa kanuni tuliyoiona miche yake inapaswa kuwa ya rangi moja, na karibu yote ni hivyo. Lakini mara chache sana kloroplasti za ukingoni hupenya. Katika uzao wake alipatikana mmoja mwenye michirizi, akaitwa 'Dorothy Benedict'. Huyu ndiye aliyefungua mlango: majani mazito, mapana na yenye nta ya ukoo wa sieboldiana, pamoja na michirizi inayorithishika. Ukiona leo hosta kubwa ya bluu yenye pindo la manjano na ukauliza mama yake ni nani, mama wa mama yake ni nani, mara nyingi utamfikia yeye.

Kabla yake alikuwepo 'Beatrice', naye katika mimea ya Frances Williams, mwenye damu ya Hosta sieboldii. Majani yake ni membamba na mwenyewe si wa kusimamisha mtu njiani. Lakini Kevin Vaughn, aliyekuja kuwa mtaalamu wa seli za mimea, na William na Eleanor Lachman wa Massachusetts walijenga juu ya uzao wake. Walimpa waume wenye majani mazito, wakachagua binti wenye michirizi, wakawapa nao waume wenye majani mazito zaidi. Baba akileta unene na umbo, mama akishikilia michirizi, kizazi baada ya kizazi, upande wa kike usikatike hata mara moja, maana ukikatika kizazi kimoja tu basi michirizi imepotea. Vaughn mmoja wa mama hao alimpa jina 'Breeder's Choice', chaguo la mzalishaji, na jina hilo linamtosha.

Kumtunza mama kama huyu ni kazi ya kisu. Kila masika, machipukizi yanapotoboa udongo, mwenye bustani anapiga magoti na kuyakagua moja baada ya jingine. Chipukizi lililotoka kijani kitupu lina nguvu kuliko ndugu zake, na likiachwa litawameza. Analikata. Lililokwisha kujipanga pindo na mji analitenga kwenye chungu kingine, huenda likauzika. Analibakiza lenye mchafuko wa rangi. Mtu mwingine angekata lile chafu akabakiza yale mazuri.

Uchavushaji wenyewe ni wa mwendo wa siku moja, kwa kuwa ua la hosta huishi siku moja tu. Jioni ya kuamkia siku hiyo anachagua tumba litakalofunguka kesho, analivua petali na stameni zake kwa kibanio, libaki ule uzi wa kike uliojikunja kuelekea juu. Nyuki akija hapati pa kutua. Asubuhi anausugua mwisho wa uzi huo kwa chavua ya baba aliyemchagua, halafu anafunga kijikaratasi. Ganda linakomaa baada ya wiki kama nane.

Yupo mama mmoja ambaye kazi yote hiyo kwake ni bure. Hosta ventricosa ya China ina seti nne za kromosomu, na mbegu zake hutokea bila yai kuungana na chembe ya kiume. Chavua inahitajika ili mbegu zijae, lakini mtoto ni mama mtupu, hana chochote cha baba. Wazalishaji wengine huona hilo ni hasara. Mimi naliona ni jambo la kustaajabisha, kwamba katika ukoo mmoja kuna mama anayegawana nusu kwa nusu, kuna anayetoa michirizi peke yake, na kuna anayejizaa upya mzimamzima.

Kwenye kijikaratasi cha uchavushaji, na kwenye daftari la usajili, jina la mama huandikwa kwanza, kisha alama ya kuzidisha, kisha jina la baba. Na ukizipitia nasaba za hosta utakuta upande wa baba pengi pameandikwa kwamba hajulikani. Nyuki alipita. Wahenga wa pwani walisema kitanda hakizai haramu, na daftari la hosta linaonekana kuafiki: mche wa baba asiyejulikana husajiliwa kwa heshima ileile, maadamu mama anajulikana.

Katikati ya majira ya baridi, nje kukiwa na theluji, mzalishaji anakaa chini ya taa katika chumba cha chini cha nyumba yake, trei za miche zimepangwa mbele yake. Kila mche una jani moja, au mawili, urefu wa ukucha. Ya kijani ameisogeza kando. Myeupe ameiacha, ina siku chache. Anavaa miwani na kuanza upya, mstari kwa mstari, mpaka anapokutana na jani lenye uzi mmoja wa manjano kutoka kikonyoni hadi nchani. Anauchimbua mche huo kwa ncha ya penseli, anaupa chungu chake peke yake, na kwenye kibao anaandika jina la mama.